Katuni za Wajapani: Kila Moja na Msomaji Wake



Mwezi uliopita bibi mmoja wa kigango chetu alikuja ofisini kwangu, si kwa cheti cha ubatizo wala kwa habari ya zaka, bali ameficha daftari ndani ya kanga yake. Alilikuta chini ya mkeka wa mjukuu wake, kijana wa kidato cha pili. Juu ya jalada limechorwa fuvu la kichwa, na ndani yameandikwa majina ya watu: wanafunzi wenzake sita, mwalimu mmoja, na jirani mmoja afugaye mbwa mkali. Kila jina lina tarehe na saa. Bibi akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mtoto huyu ameingia katika mambo ya usiku."

Hapa kwetu jambo kama hili si la kucheka. Sote twawajua watu waliohama vijiji vyao, hata waliopigwa, kwa sababu ya maneno madogo kuliko hayo. Kama daftari lile lingaliangukia mikono mingine kabla ya kufika kwangu, kijana yule angalibaki na jina baya mpaka uzeeni. Nikamwita. Akaja akitetemeka, akasema, "Ni manga tu, mwalimu."

Basi leo tuzungumze habari ya manga, maana naona watoto wetu wengi wazijua na wazazi karibu wote hawazijui.

Asidhani mtu kwamba neno hili latoka kwa Wamanga wa Maskati, wala pilipili manga haimo humu. Ni neno la Kijapani, na mchoraji wao mashuhuri Hokusai alilitumia kuviita vitabu vyake vya michoro tangu mwaka 1814. Siku hizi maana yake ni hadithi isimuliwayo kwa picha zilizopangwa katika vyumba vidogo vidogo, na maneno ya wasemaji yameandikwa juu ya vichwa vyao. Ni katuni, kwa neno letu. Baba zetu walimsoma Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na baadaye Ndumilakuwili na Lodi Lofa katika gazeti la Sani. Jirani zetu wa Kenya wanaye Juha Kalulu. Tofauti ni kwamba katuni zetu mara nyingi humalizika kwa ukurasa mmoja na kicheko kimoja, lakini manga moja yaweza kuendelea miaka kumi na tano na kujaza vitabu sabini. Tena husomwa kuanzia kulia kwenda kushoto. Mzazi akikifungua kitabu hicho kama afunguavyo Misale, atakutana na mwisho kabla ya mwanzo, ataona watu wamekwisha kufa wala hajui walikosa nini.

Huku Narung'ombe hazifiki kwa duka la vitabu, maana duka la vitabu hatunalo. Zafika ndani ya simu. Kijana akienda Ruangwa au Nachingwea hupakua anazozitaka, akirudi huwarushia wenzake, na kabla ya Jumapili nusu ya kwaya wanazo. Nyingine zafika zikiwa zimegeuzwa filamu.

Nimekaa na kijana yule na rafiki zake jioni nyingi, tukizisoma kwa taa ya sola, na kamusi ya Kiingereza mezani kwa ajili yetu sote. Nilitaka kujua kama yafaa kuzikataza. Jibu langu ni kwamba neno "katuni" halitoshi kujibu swali hilo, kama vile neno "majani" halitoshi kumwambia mtu kama ale au asile. Kule Japani hadithi hizi hutoka kwanza katika majarida, na kila jarida lina wasomaji wake: lipo la wavulana, la wasichana, la wanaume wazima, la wanawake wazima. Wala si jambo dogo. Jarida moja la wavulana, Shonen Jump, lililoanza mwaka 1968, lilifika kuuza nakala zaidi ya milioni 6 kwa wiki moja katikati ya miaka ya 1990. Mwenye duka ajua lipi ampe nani. Lakini zikiisha kuingia katika simu zote zamwagwa katika gunia moja, kama mtu achanganyaye ufuta, mbaazi, na mbegu zilizotiwa dawa. Mtoto huingiza mkono na kula. Baba akimwona asema, "Mwache, ni vikatuni vya watoto." Kumbe zimo zilizochorwa kwa ajili ya watu wazima, zenye mambo ya chumbani na ukatili ambao mimi mwenyewe niliufunga haraka. Hizo sizitaji majina, maana nikizitaja nitakuwa nimezitangaza.

Tuanze na zile zipendwazo kuliko zote, yaani za kupigana. Mfalme wao hapa kwetu ni Naruto, aliyechorwa na Masashi Kishimoto tangu mwaka 1999 mpaka 2014, vitabu 72. Naruto ni mtoto yatima, na ndani ya mwili wake amefungiwa mbweha mwenye mikia 9 aliyewahi kuuharibu mji wao. Mtoto hakuomba jambo hilo, wala hakulijua; lakini watu wazima wamwepuka, na watoto wao huwaiga. Vijana wetu walipokuwa wakinisimulia sura hizo niliona macho yao yamebadilika. Wao wenyewe wajua mtoto gani darasani huketi peke yake kwa sababu ya yasemwayo juu ya mama yake. Kwa sura hizo peke yake nisingeweza kumlaumu mtoto asomaye Naruto.

Lakini mwandishi hakuishia hapo. Adui akishindwa hutokea mwingine mwenye nguvu zaidi, na huyo akishindwa hutokea mwingine tena, kama deni la dukani ambalo halipungui. Na kuna jambo jingine lililoniudhi. Hadithi yote imetufundisha kwamba mtoto asiye na mtu aweza kushinda kwa bidii yake. Kisha, tukiwa tumekwisha mpenda kwa ajili hiyo, twaambiwa kwamba baba yake alikuwa mkuu wa mji ule! Basi bidii ilikuwa ya nini, ikiwa ukubwa ulikuwamo katika damu? Nilipowauliza vijana swali hilo walinyamaza, halafu wakaanza kubishana wao kwa wao mpaka saa ya kulala. Ubishi ule ulikuwa na faida kuliko kurasa mia za ngumi.

Katika za kupigana mimi nampenda zaidi Tanjiro, wa hadithi iitwayo Kimetsu no Yaiba, iliyotoka mwaka 2016 mpaka 2020. Huyu ni muuza mkaa. Ameshuka mjini kuuza mkaa wake, akirudi akuta nyumba nzima imeuawa na zimwi, ila dada yake mmoja aliyesalia naye amegeuka zimwi. Wazazi wengine waliposikia neno zimwi walishtuka, wakaniuliza kama hayo si mashetani. Nawajibu: bibi zetu walitusimulia mazimwi usiku kucha, yenye kula watu na kumeza vijiji, na tulilala usingizi mzuri. Katika hadithi hii kila zimwi alikuwa mtu zamani, na Tanjiro akiisha kumuua humsikitikia kwa ajili ya mtu yule aliyepotea. Sijaona hadithi nyingi za vita zenye kumlilia adui. Walakini damu imo tele, mikono na vichwa vyakatwa. Mtoto wa darasa la nne asipewe.

Sasa tulirudie lile daftari. Latoka katika manga iitwayo Death Note, yaani daftari la mauti, iliyotungwa na Tsugumi Ohba na kuchorwa na Takeshi Obata, mwaka 2003 mpaka 2006. Mwanafunzi mmoja hodari, mtoto wa ofisa wa polisi, aokota daftari lililoangushwa na pepo wa mauti. Akiandika jina la mtu humo, huku akiikumbuka sura yake, mtu yule hufa. Aanza na wauaji na wanyang'anyi, akijiambia kwamba anausafisha ulimwengu. Punde si punde awaandika polisi wanaomtafuta, na watu wasio na kosa lo lote isipokuwa kumzuia. Mwaka 2005 wakuu wa mji wa Shenyang, huko Uchina, waliikataza mashuleni kwa kuwa watoto walikuwa na madaftari yao ya namna hiyo. Kwa hiyo kijana wetu wa Narung'ombe hakuanza yeye.

Na ajabu ni hii, ilitoka katika jarida lile lile la wavulana nililolitaja juu. Hivyo msiutegemee sana mpango wa Wajapani. Mwenye duka si mlezi.

Nilimwuliza kijana kama aliisoma mpaka mwisho. Hakuisoma. Alikuwa ameishia pale ambapo yule mwenye daftari ni mzuri wa sura, ana akili kuliko wakubwa wote, na hakuna awezaye kumkamata. Hilo ndilo kosa kubwa ninaloliona katika kazi hii, ingawa imetungwa kwa ustadi mwingi. Hukumu imo: mwishoni yule mwuaji hufichuliwa, hulia, na jina lake mwenyewe laandikwa. Lakini hukumu hiyo yachelewa mno. Kwa vitabu vingi msomaji hufundishwa kumshangilia, na mtoto aliyeachia katikati hubaki amekunywa sumu bila dawa yake. Kule Japani labda daftari la namna hii ni mchezo wa kubuni tu. Katika nchi yetu, ambamo vikongwe waliuawa kwa sababu ya kuwa na macho mekundu, jina la mtu likiandikwa pamoja na saa ya kufa kwake si mchezo. Nilimwagiza aisome yote, kisha anieleze mwandishi alimhukumu nani. Na daftari tulilichoma jikoni kwa bibi yake, wote watatu tukiwapo. Si kwa kuogopa karatasi, ila majina ya watu si ya kuchezewa.

Za wasichana nitasema kwa ukali kidogo, na akina mama wanivumilie. Wengi wenu mliitazama tamthilia ya Kikorea ya mwaka 2009 iitwayo Boys Over Flowers. Asili yake ni manga ya Yoko Kamio, iliyoanza mwaka 1992. Binti wa watu maskini yumo katika shule ya matajiri. Tajiri mmoja kijana ndiye mtawala wa shule. Akimchukia mtu humpa karata nyekundu, na tangu hapo wanafunzi wote humtesa mtu yule. Binti huyu apewa karata, ateswa, lakini hakubali kuinama, mpaka siku moja amrudishia yule bwana kipigo. Hapo nilimpigia makofi. Baadaye je? Mtesi ampenda, amfuatafuata, amkasirikia, amnunulia vitu, na polepole binti naye ampenda, na sisi twatakiwa kufurahi.

Mimi sikufurahi. Hadithi hii yamwambia binti kwamba ukali wa mwanamume ni mapenzi ambayo bado hayajaiva, akivumilia kidogo yataiva. Mabinti wangapi wamefika kwenye ofisi za kanisa wakiwa na jino lililong'olewa, wakisema, "Lakini ananipenda"? Sikatai kwamba mtu mbaya aweza kugeuka. Lakini kugeuka kuna gharama yake. Linganisheni na Koe no Katachi ya Yoshitoki Oima, iliyotoka mwaka 2013 na 2014. Humo mvulana amtesa msichana kiziwi darasani, amharibia vyombo vyake vya kusikilizia mara kwa mara mpaka mama wa mvulana alazimika kulipa fedha nyingi. Miaka ikipita, kijana huyo ajifunza lugha ya ishara kabla ya kuthubutu kumtafuta, na amtafuta ili aombe radhi, si ili apendwe. Hapo kugeuka kwaonekana. Hadithi hii yagusa habari ya kujiua. Mzazi asome pamoja na mtoto.

Sasa nafika kwenye ile niliyotaka kuwaletea tangu mwanzo. Yaitwa Gin no Saji, maana yake kijiko cha fedha, nayo ni hadithi ya shule ya kilimo. Naam, kilimo! Mwandishi ni mwanamke, Hiromu Arakawa, aliyekulia katika shamba la ng'ombe wa maziwa huko Hokkaido, kaskazini mwa Japani, akaichora tangu mwaka 2011 mpaka 2019. Kijana Hachiken wa mjini, mwenye akili za darasani, amechoshwa na mitihani na baba mkali, akimbilia shule ya kilimo ya bweni ili tu awe mbali na nyumbani. Hajui kitu. Ashangaa kuona kwamba yai hutokea pale pale kinyesi kitokeapo, na kwa siku kadhaa mayai yamshinda kula. Vijana wetu walicheka mpaka wakatoka nje. Kwa mara ya kwanza walikuwa wanamcheka mtu wa mjini, na wao ndio wenye elimu.

Kisha kicheko chapungua. Hachiken ampenda kitoto cha nguruwe aliye dhaifu kuliko wenzake. (Jirani zetu Waislamu watanisamehe kisa hiki.) Waalimu wamwonya asimpe jina, maana ni wa kuchinjwa, yeye ampa jina la chakula, Butadon, yaani wali kwa nyama ya nguruwe, ili asijisahaulishe. Amlisha, amnenepesha, siku yafika. Wala mwandishi hamwokoi nguruwe kwa miujiza. Kijana atoa mshahara wake wa kibarua, ainunua nyama yote, aikausha kwa moshi, ala pamoja na wenzake. Mtu aliyewahi kumfuga mbuzi wa sikukuu ajua uchungu huo, lakini ni nani aliyewahi kutuandikia?

Tena kuna kijana mwingine humo, Komaba, hodari wa mchezo wa besiboli, ambaye shamba la kwao lafilisika kwa madeni. Ng'ombe wauzwa, yeye aacha shule, na familia ya jirani iliyowadhamini nayo yaumia. Niliposoma sura hizo nilikumbuka msimu wa korosho wa mwaka 2018, wanunuzi walipogomea bei, mpaka Serikali ikasema itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na watu wakakaa wakingoja fedha huku ada za watoto zikidaiwa. Twazo hadithi nyingi za mapenzi na za wachawi. Nionyesheni moja ambayo kisa chake ni bei ya ufuta! Vijana wetu wasikiapo neno kilimo huona ni adhabu ya aliyeshindwa shule. Mwanamke huyu wa Japani amelifanya shamba kuwa mahali pa akili, pa hesabu, pa machozi na pa kicheko, na watoto wa Kijapani wasio na jembe wamezisoma kurasa zake kwa hamu.

Kosa lake? Matrekta ni mengi mno, na mwisho karibu kila mtu apata njia. Kwetu si hivyo. Lakini kitabu hiki ningependa kiwepo katika kila shule ya kata ya wilaya zetu mbili.

Ya mwisho ni ya vita, na hii ni ya kweli. Keiji Nakazawa alikuwa na umri wa miaka 6 bomu lilipoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Baba yake, dada yake na mdogo wake walikufa siku ile, naye akasalia na mama. Mwaka 1973 alianza kuyachora katika jarida lile lile la Shonen Jump, akamwita mtoto wa hadithi Gen. Michoro yake si mizuri kama ya hao wengine. Watu wana macho makubwa na vinywa vipana, wapiga kelele sana. Lakini haoni haya kusema kwamba wakubwa wa nchi yake mwenyewe waliwadanganya watu na kuwatesa waliokataa vita. Kwa hiyo Wajapani wenyewe hawakubaliani juu yake. Mwaka 2013 mji wa Matsue ulijaribu kuvifungia vitabu vyake katika maktaba za shule, watu wakalalamika, vikafunguliwa. Na mwaka 2023 Hiroshima yenyewe ilimwondoa Gen katika masomo ya amani ya mashuleni. Mimi nasema mtoto wa sekondari aweza kumsoma, mwenye umri mdogo angoje.

Tulipokuwa tukisoma kitabu hicho, kijana mmoja aliuliza kama kuna vita iliyowahi kupiganwa mahali anapopajua. Nikamwambia, "Umekalia." Tarehe 19 Julai 1917 jeshi la Waingereza lililotoka upande wa Kilwa lilipambana na jeshi la Wajerumani hapa hapa Narung'ombe. Walikuwapo Wahindi na watu wa Afrika Kusini, lakini Waafrika walipigana na Waafrika: askari wa Kijerumani upande huu, na upande ule askari wa K.A.R. pamoja na wenzao walioletwa kutoka Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo. Na nyuma yao wapagazi, wale ambao jina la jeshi lao limebaki Dar es Salaam katika neno Kariakoo. Katika vita ile wapagazi walikufa kwa maelfu, wengi si kwa risasi bali kwa njaa, kuhara na homa. Vijana sita waliozaliwa hapa hawakuwa na habari. Wamjua Naruto mpaka jina la mwalimu wake.

Sikuwalaumu. Naruto ana vitabu 72, na mpagazi wa Narung'ombe hana hata ukurasa mmoja wa picha. Philip Ndunguru, aliyewachora akina Ndumilakuwili, alifariki mwaka 1986 akiwa angali kijana, na kazi yake ilionyesha kwamba mkono wa Mtanzania waweza. Kuta za nyumba zetu zimejaa michoro ya mkaa ya watoto, mingine mizuri kweli.

Nimewanunulia vijana wale karatasi nyeupe na kalamu za risasi. Mpaka sasa wamechora kurasa nne, na wamekwama, kwa sababu hawajui mpagazi alibeba mzigo wa namna gani, alivaa nini, alilala wapi, wala wanawake wa hapa walikimbilia wapi na watoto wao majeshi yalipokuja. Wazee waliosikia habari hizo kutoka kwa baba na babu zao nawaomba waje. Ofisi i wazi kila Jumamosi tangu saa 3 asubuhi mpaka saa 6, na asiyeweza kutembea aniletee salamu, vijana watamfuata nyumbani.